Mwanangu, Kabla Hujatia Saini

Mwanangu mpendwa,

Picha za nyumba uliyoiona katika ule mji unaokua pembezoni mwa jiji nimezipata, nami nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyokueleza kwenye simu. Nyumba ni nzuri. Sina neno na vyumba vyake wala paa lake. Kilichonikalisha niandike ni ile picha uliyoipiga dirishani, inayoonyesha uwanja mpana wenye nyasi, ukasema kwamba hapo ndipo utakapokuwa ukipunga upepo jioni.

Uwanja huo si wako, mwanangu. Anayenunua nyumba katika mji unaokua hununua pia majirani ambao bado hawajafika, barabara ambayo bado haijachongwa, na maji ya mvua ambayo leo yanazama kwenye zile nyasi lakini yatakapokuta saruji na lami yatatafuta mlango ulio chini kuliko mingine. Tuliponunua nyumba uliyokulia, dalali alituhakikishia kwamba eneo lililo juu yetu litabaki wazi, nasi tukaamini kwa sababu tulitaka kuamini. Miaka minne hatukuona hata tope barazani. Mwaka wa tano, eneo lile likiwa limejaa nyumba na kila mwenye nyumba amemwaga zege uani hadi getini, maji yaliingia usiku, na asubuhi nilikuta kiatu chako kimoja cha shule kinaelea jikoni, kingine kimenasa chini ya kabati. Fundi tuliyemwita hakuona kasoro yoyote kwenye nyumba yenyewe.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya mipango miji uombe kuona ramani ya matumizi ya ardhi ya eneo zima, si ya kiwanja chako peke yake. Tazama pametengwa nini kwa ajili ya shule, soko na mitaro mikuu, na zaidi ya yote hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, inapita wapi, kwa maana barabara nyembamba ya leo inaweza kupanuliwa hadi kwenye ukuta wako. Hati ihakikiwe kwenye masijala ya ardhi na mwanasheria wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji, na mpima ardhi akuonyeshe alama za mipaka kwa macho, kwani uzio hujengwa popote mtu alipopenda.

Kisha rudi pale siku ya mvua. Inama uangalie kuta za nje: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, ilhali ya juu imepauka, huwa inaficha jambo, na chumvichumvi nyeupe inayochomoza juu ya msingi ni dalili ya unyevu unaopanda. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta haunitishi. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha, ukashuka kwa mshazari na kuweza kumeza sarafu, huo mwite mhandisi kabla ya kuzungumza bei.

Sasa mkopo. Unaelekea kuchukua wa miaka 20 badala ya 15 kwa sababu marejesho yake ya mwezi ni madogo, nami nimekaa na kikokotoo nikapiga hesabu. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu kila mwezi, kila 100 utakazokopa utazirudisha zikiwa takriban 264 kwa miaka 20, lakini 216 kwa miaka 15, wakati rejesho la mwezi linaongezeka kwa asilimia 9 tu. Tena katika lile rejesho la kwanza la miaka 20, kila 100 utakazolipa, takriban 91 zinakwenda kwenye riba. Uliza pia kama riba hiyo inaweza kupandishwa katikati ya safari, wala usimalize akiba yote kwenye malipo ya awali, kwani kodi ya uhamisho, mwanasheria na mthamini nao wanangoja zamu yao.

Jambo jingine ni mwendo wa kwenda kazini. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 48, ni saa 480, yaani siku 20 kamili, usiku na mchana, ukiwa barabarani kila mwaka. Wewe ulikwenda kuiona nyumba Jumapili! Jaribu Jumatatu alfajiri.

Sikukatazi kununua. Sisi wenyewe hatukuhama baada ya maji yale. Tulichimba mtaro pamoja na majirani, na miti tuliyoipanda imepita paa. Ninachokuomba ni kwamba usitoe hata amana kabla sijafika. Mvua zikianza nitakuja. Nitafutie mabuti, nawe mwombe jirani wa upande wa chini atukaribishe kidogo, kwani yeye ndiye anayejua maji yalifika wapi mwaka jana.

Ni mimi,
Mama yako