Ekseli yenye meno 48

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo nawe. Wadogo zangu, nawasalimu wote.

Mimi ni mzima. Barua imechelewa kwa sababu wiki tatu hizi nilikuwa barabarani na wenzangu wawili, kutoka Florida hadi California, tukipita kwa watengenezaji na wauzaji wa baiskeli za BMX. Usiku mwingine tulilala garini. Mama, nilikuwa nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Baba, BMX ni zile baiskeli fupi za magurudumu ya inchi 20, zisizo na gia, za kushindania kwenye njia ya udongo yenye matuta au za kurukia juu. Kwa mbali utadhani ni ya mtoto. Iinue, ukague maungio yake, ndipo utajua ni chombo cha namna gani.

Tulianzia St. Petersburg, Florida, waliko Profile Racing. Jim Alley aliianzisha kazi hiyo mwaka 1968 kwa vipuri vya magari ya mashindano. Baiskeli zilifuata baadaye. Hapo ndipo nilipokukumbuka kweli. Unakumbuka ile pini ya mkono wa pedali ilivyokuwa ikitutesa? Inalegea, mkono unacheza, unaigonga nyundo, inapinda, unaipiga tupa, na kesho mteja yuleyule yuko mlangoni. Kranki ya hawa ina vipande vitatu: mikono miwili ya bomba la kromoli na ekseli ya milimita 19 iliyochongwa meno 48 membamba kuizunguka. Mkono unaingia kwenye meno kwa kubana, bolti inakazwa, kazi imekwisha. Mtu anaruka juu kuliko kimo chake, anatua na uzito wote kwenye pedali, na mkono hautikisiki. Niliishika ekseli ile nikaigeuzageuza mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Kwa kuwa ni kigumu, bomba lake linaweza kuwa jembamba na jepesi bila kupinda ovyo. Ndiyo maana fremu nzuri za BMX ni za chuma hicho mpaka leo.

Texas tulipita Austin, kwenye matuta ya 9th Street ambayo waendeshaji wenyewe huyachimba na kuyatunza kwa majembe. Tulsa, Oklahoma, tuliuona uwanja wa mashindano uliofunguliwa 2022. Ni mkubwa na mzuri, lakini mimi nilivutiwa zaidi na habari za Mat Hoffman, mrukaji wa BMX wa Oklahoma City. Baiskeli za wakati wake hazikuvumilia miruko yake, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaanza kutengeneza zake.

Maduka hayakuwa na hali moja. Moja tulilolisafiria nusu siku tulikuta limefungwa, mlango umebandikwa karatasi ya kuwashukuru wateja. Iliniuma. Vipuri watu wananunua kwenye intaneti siku hizi, lakini intaneti hainyooshi ringi. Katika duka jingine, fundi alikuwa peke yake na foleni imemzidi, na mtoto wa kama miaka kumi amesimama na gurudumu lililoyumba, spoku moja imekatika. Nikamwomba fundi anipe ufunguo wa spoku. Alinitazama kidogo, akanipa. Nikabadilisha ile iliyokatika, kisha nikazipitia zote 36 kama ulivyonifundisha, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikizigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio. Fundi akalizungusha gurudumu mbele ya macho yake, akampa mtoto, akanisogezea jingine. Nilifanya kazi pale mpaka jioni.

California ndiko mchezo wenyewe ulikoanzia. Santa Ana kuna S&M, watengenezaji wa baiskeli za BMX, jina la herufi za Scott na Moeller, vijana wawili walioanza mwaka 1987. Lakini habari niliyotaka hasa uisikie ni ya Gary Turner. Alikuwa fundi wa kuchomelea fremu za magari ya mbio. Mwanawe akaingia kwenye mashindano ya BMX katika miaka ya 1970, na baba mtu akamchomelea fremu kwa mabomba ya kromoli. Watoto wengine wakaiona, nao wakataka. Herufi za jina lake ndizo GT unazoziona kwenye baiskeli.

Baba, nimekutumia kifurushi. Ndani kuna habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, iliyotumika, yenye friwili humohumo, ile ya vijino inayoacha gurudumu lizunguke bila pedali. Ukiizungusha inalia kama nyuki. Ifungue taratibu juu ya kitambaa, springi zake ni ndogo sana, zisikupotee. Usiweke grisi nzito, vijino vitanata na pedali itateleza. Tone moja la oili nyepesi linatosha. Ukishaifunga, nipigie simu uizungushe nisikie.

Mwanao wa pili.