Barua kwa mwanangu: Adili, manyani, na mashine ya boti

Sahare, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila goti la mama yako limeanza tena, na kusi imekaza, vyombo vingi viko juu mchangani.

Juzi uliniuliza kwenye simu, "Baba, ungekuwa wewe ndiye Adili, wale ndugu ungewafanyaje?" Nikakwambia mtandao unakatika. Haukukatika.

Kitabu nakijua. Shaaban Robert ni mtu wa kwetu, kazaliwa Vibambani, hapo Machui, na Adili na Nduguze kilitoka 1952. Mwalimu wetu alikuwa akitusomea kwa sauti. Akifika pale Adili anapowatandika usiku wale manyani wawili, ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa, kisha anawalisha huku akilia, darasa zima kimya. Wewe unasema Adili dhaifu, kwa kuwa Hasidi na Mwivu walimtosa baharini naye bado anawalilia. Mimi udhaifu siuoni. Kiboko kilikuwa amri ya Huria, yule jini aliyewageuza manyani. Chakula na machozi ndivyo vilivyokuwa vyake. Tena aliyetoswa ni yeye mwenyewe, kwa hiyo msamaha ulikuwa mali yake. Akiutoa hajamdhulumu mtu.

Mimi niligawa usio wangu.

Ulikuwa hujaanza shule. Mashine ya jirani yetu, ya farasi 15, iliibiwa pwani usiku. Kesho yake nikaenda kwa baba yako mdogo kuazima jarife, ule wavu wa samaki wakubwa. Nikakuta mbuzi wake wamefungwa nje, mwembeni, na bandani kuna rundo la makuti mabichi. Nani huezekea banda la mbuzi makuti mabichi? Harufu ya petroli ilikuwa inapanda puani. Nikainua kuti moja, nikaliona pangaboi la mashine, lenye pengo. Pengo lile nalijua, tulilipata pamoja na mwenye mashine siku tuliyogonga mwamba. Nikalirudisha kuti taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Nikaomba jarife, nikapewa. Na chai nikanywa.

Aliyekamatwa ni mlinzi, mzee mmoja wa Kirare. Alilala ndani siku nne, na alipotoka hakuwa na kazi. Nilimwambia bibi yako peke yake, Mungu amrehemu. Akanijibu, "Mchuma janga hula na wa kwao," maana yake tunyamaze, tule sote. Lakini angalia, mwanangu: janga alilichuma ndugu yangu, sisi wa kwao tukala samaki, na janga lenyewe akalila mzee wa Kirare ambaye hata undugu wa kuchovya hatuna naye.

Aya ya 135 ya Suratun Nisaa, ile ya kutoa ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zenu, wazazi na jamaa, tuliihifadhi chuoni, mimi na baba yako mdogo, mkeka mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti nzuri. Na wewe na sheria zako za Mzumbe ulinieleza kwamba mume na mke ndio wenye nafuu ya kutolazimishwa kutoleana ushahidi. Nikauliza, na ndugu? Ukacheka ukasema ndugu hayumo. Hukujua kwa nini nimeuliza.

Usidhani nilikuwa simpendi. Ulipougua malaria ile mbaya, yeye ndiye aliyekubeba mgongoni hadi hospitali, usiku, mvua inanyesha. Ndiyo maana nilishindwa. Angekuwa ndugu mbaya tu, ningesema asubuhi ile ile.

Jana nilimwendea. Nikamwambia niliiona mashine, na Ijumaa baada ya swala nakwenda Kirare kumwambia mzee yule, kisha kwa mwenye mashine, na wakitaka twende mbele zaidi sitawazuia. Hakukana wala hakuniuliza niliiona lini. Aliendelea kushona wavu wake mpaka uzi ukamwishia, ndipo akasema, "Kaka, nauli ya Kirare siku hizi ni shilingi ngapi?"

Sijui aliuliza kwa ajili yangu au yake. Ukija likizo njoo na kitabu hicho, changu mchwa wamekula kurasa za mwisho.

Baba yako