Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Lushoto

Ndugu wanachama wenzangu,

Kabla ya yote, tusimame dakika moja kumkumbuka mzee wetu wa Ilala, mweka hazina wetu wa kwanza, aliyetutoka mwaka huu. Alikata tiketi za mabasi ya mikoani kwa kalamu na daftari tu, na abiria wake walikuwa wakimfuata kila alikohamishia meza. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.

Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina, na nakala mnazo mkononi. Nami niongeze moja tu: ada zinasuasua, na wanaochelewa ni walewale wa mwaka jana. Tuoneane huruma jamani.

Muda wangu uliobaki nautumia kwa safari yetu ya Lushoto, kule milima ya Usambara, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu kazi yetu ya kuuza safari kwa mitandao.

Chanzo chake mnakijua. Wanachama wengi walilalamika kwamba wanaposti kila siku, bando linakwisha, wateja hawaji. Kamati ikakaa jioni tatu mfululizo kupitia kurasa za wanachama, moja baada ya nyingine. Tulichokiona kilinisikitisha. Simba yuleyule kwenye kurasa sita. Vyumba vya hoteli ambavyo mwenye ukurasa hajawahi kuvikanyaga. Na chini ya kila picha, maneno yaleyale: "Bei njoo inbox." Mwenzetu mmoja, ambaye mwenyewe alishakiri mbele ya kamati, alitangaza safari ya Lushoto kwa picha ya mlima wenye theluji. Mama mmoja wa Mbagala akalipa, akawapandisha wanawe wawili, na walipofika watoto wakamuuliza mwongozaji theluji iko wapi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari; una baridi na una ukungu, lakini theluji ni ya Kilimanjaro. Mama yule alirudishiwa sehemu ya fedha zake. Aibu ilibaki kwetu sote.

Ndipo tukaamua: twende wenyewe. Tulikutana Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, basi dogo moja aina ya Kosta, kila mtu na sweta lake na chaja yake. Chalinze, Segera, Korogwe, hadi Mombo, ambako joto bado ni la pwani na vijana wanakuletea maji ya baridi dirishani. Hapo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kilometa thelathini na kitu za kona. Ilipofika Soni madirisha yote yalikuwa yamefungwa na waliokuwa wakijipepea wakaanza kuvaa soksi. Dada mmoja wa Kinondoni, anayeuza safari hii tangu alipofungua ofisi, aliniambia kwa sauti ya chini: "Mwenyekiti, wateja wangu walikuwa wananiuliza kuhusu kutapika njiani, nikawa nawajibu barabara ni nzuri." Barabara ni nzuri kweli, ina lami. Ila mwenye mtoto anapaswa kuambiwa kuhusu kona, abebe mfuko na aketi mbele. Hilo huwezi kulijua ukiwa umekaa Kariakoo.

Asubuhi ya pili tulitembea hadi Irente, kilometa tano hivi kutoka mjini, kwenye ule mwamba unaotazama bonde. Tulipofika, hakuna bonde. Ukungu mweupe ulianzia miguuni petu, ukawa kama tumesimama mbele ya ukuta. Wengi walirudisha simu mfukoni. Kijana mmoja wa Temeke hakurudisha. Alijirekodi akisema: "Ndugu zangu, tuko Irente, saa mbili na nusu asubuhi, hatuoni kitu. Wenyeji wanasema tusubiri. Tunasubiri." Akaituma kwenye status na kwenye Instagram vilevile ilivyo, na pua yake inavuja kwa baridi.

Tukasubiri. Mwongozaji wetu, Msambaa mtu mzima, akatumia muda huo kutusimulia habari za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Unguu, akawaulia watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia nyama, mwisho wakampa utawala, na ukoo wake, Wakilindi, wakatawala kutoka Vuga vizazi na vizazi. Kisha upepo ukavuta pazia. Kwanza tuliona kilele cha mti, halafu bati za nyumba, halafu chini kabisa mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, barabara kuu kama uzi, na tambarare inayokwenda hadi macho yanachoka. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana wa Temeke akarekodi kipande cha pili, sekunde ishirini, bila muziki, upepo tu unasikika.

Hatujashuka Mombo kesho yake, tayari alikuwa na kikundi cha watu kumi na mmoja wanaotaka tarehe. Niliomba anionyeshe meseji. Karibu wote walianza na jambo moja: walikuwa wakingoja kuona kama ukungu utatoka. Mteja alisubiri pamoja naye. Akaamini kwamba mtu huyu, siku mambo yakiwa mabaya, atamwambia. Ndugu zangu, hiyo ndiyo bidhaa yetu. Viti vya basi na vitanda anaweza kuvipata popote.

Hadithi ya Mbegha nayo ilipigiwa simu na watu wawili waliotaka kupelekwa Vuga. Sasa linganisheni na picha ya kitanda kilichokunjwa taulo la umbo la bata.

Kuna somo la pili, dogo lakini lilinichoma. Pale Soni mwenzetu alimwelekezea simu bibi mmoja anayeuza peasi. Bibi akaziba uso kwa kanga: "Umenunua?" Hakuwa amenunua. Alinunua, akaomba, akakubaliwa, na bibi akatengeneza kilemba kwanza. Nawakumbusha kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni yake. Wateja wetu pia: kuweni na sehemu kwenye fomu ambapo mtu anakubali au anakataa picha zake kutumika. Za watoto msiziposti bila mzazi kuridhia.

Sasa mambo ya ufundi. Haya tuliyafanya ukumbini usiku, na wengi hamkuwepo. Ile orodha ya kuwatumia watu wengi meseji kwa mpigo kwenye WhatsApp inabeba watu 256, na inamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Kwa hiyo kabla mteja hajaondoka ofisini, mwombe asevu namba yako mbele yako. Status hudumu saa 24. Klipu nzuri ya Irente ihifadhiwe kwenye ukurasa, isiachwe ipotee. Kwenye katalogi, ile orodha ya safari mnazouza, andikeni bei, na muandike kinachoingia na kisichoingia. "Bei njoo inbox" naomba tuizike leo. Mteja wa Dar anatafuta safari saa nne usiku akiwa kwenye daladala. Asipoona bei anapita, hangoji ufungue ofisi. Na kulipia tangazo kuje baada ya kuona klipu imependwa yenyewe. Kulipia klipu mbovu ni kuisambaza kwa watu wengi zaidi.

Jambo gumu la mwaka lilikuwa matapeli. Kabla ya sikukuu moja, akaunti iliyonakili nembo na picha za mwanachama wetu ilikusanya advansi za safari ya Lushoto. Alfajiri ya safari nilipigiwa simu, nikaenda Mbezi. Nilikuta familia nne zimekaa juu ya mabegi, watoto wamevishwa masweta tayari, gari hakuna. Baba mmoja alinionyesha muamala kwenye simu. Jina lililotokea halikuwa la kampuni, lilikuwa la mtu. Tuliripoti polisi na kwa wenye mtandao, akaunti ikafungwa baada ya siku nyingi mno. Fedha hazikurudi. Mwanachama wetu, ambaye hakuwa na kosa, alizipa familia zote punguzo kubwa, na chama kilimchangia sehemu. Napendekeza mkutano huu upitishe kwamba kila mwanachama apokee malipo kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, yenye jina la biashara yake, na kila tangazo limwambie mteja asome jina kabla ya kuingiza namba ya siri. Namba ya leseni ya utalii iwekwe juu ya ukurasa. Wasio na leseni, Katibu ana orodha yenu, na atasaidia yeyote anayetaka kuanza taratibu.

Mafunzo ya awamu ya pili hayakufanyika. Mkufunzi tuliyempata alitaka malipo yote mbele, kamati ikaogopa. Lawama ni yangu. Ningeanza kumtafuta mapema.

Waongozaji wa Lushoto wametuomba kitu kimoja: tukituma wageni, tuwalipe siku ileile, na tuwataje kwa majina kwenye klipu zetu wakiridhia. Nimewaahidi kwa niaba yenu.

Safari ijayo kamati inapendekeza Mtae, mbele zaidi ya Lushoto, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima. Tutaondoka baada ya masika. Nafasi ni za Kosta moja, na Katibu ameshaanza kuandika majina. Waliokosa ya kwanza watatangulizwa.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam