Kwa mdogo wangu, kuhusu filamu ya nyumba ya Pangani

Mdogo wangu,

Hujanipigia tangu matanga yaishe, na mimi sikubembelezi. Lakini mpango wa filamu nimeuona. Umewatumia watu wote isipokuwa mimi niliyeuandika nusu, na mwandiko wangu bado uko pembeni mwa kurasa. Sawa.

Naona jini umembadilisha. Tulikubaliana haonekani. Sasa ana macho ya kubandika, damu ya rangi na moshi. Nani kakushauri? Waulize wakubwa habari za popobawa, lile jini lililosemwa Pemba mwaka 1995: watu walihama vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi, wakakesha na moto, wengi wao kwa kusimuliwa tu. Huyo wako ukimmulika taa, watoto watamtambua kuwa ni yule kijana wa kwa kinyozi.

Kwenye mwanga umepatia. Kandili moja ukumbini, pembe zote giza, hapo usiguse. Ile buluu ya usiku usiihangaikie kwenye kompyuta, ipo bure uani kwa bibi jua likishazama. Ila kwetu haikai: dakika kama 20 na giza limeshaingia, kwa hiyo waigizaji wajue pa kusimama tangu mchana. Na dakika hizo hizo ndizo za adhana, misikiti yote kwa pamoja. Picha utapata, sauti hupati. Sauti rudi kuirekodi usiku wa manane. (Magharibi mtaiswali saa ngapi, hilo mtajijibu wenyewe.) Ukiwasha taa za umeme, shata ya kamera iweke 1/50 ya sekunde picha isije ikapiga mawimbi, maana umeme wetu ni wa hezi 50.

Halafu umeandika "mngurumo mzito" karibu kila ukurasa. Mngurumo huo utausikia wewe na hedifoni zako. Watazamaji wako wako kwenye simu, na spika ya simu besi ya chini haiitoi. Watakaa kimya wakidhani video imeharibika. Watishe kwa kitu kinachopita kwenye simu: mbuzi ya nazi. Krr, krr, kisha kimya, na jiko limefungwa kwa kufuli. Irekodi karibu kabisa, meno yakiingia kwenye nyama ya nazi, kisha irekodi tena ukiwa ukumbini, mlango umefungwa. Tangulia na za mbali. Ya karibu isikike mara moja tu, yule msichana wa kwenye filamu akishazima kandili. Na usisahau kurekodi dakika nzima ya ukumbi mtupu, wote mmenyamaza, ya kuweka chini ya maneno. Bila hiyo, kila ukikata picha na kimya nacho kinakatika.

Sasa maji, yale ya ufuo, shimo la chini ya kitanda cha kuoshea maiti. Umeandika: "sauti ya maji ya ufuo, ITAFUTWE". Itafutwe! Mimi nilishika kata, mama mkubwa alishika kitambaa, bibi yuko kitandani amefunikwa, maji yanashuka kwenye ufuo. Nikaona chini ya pazia kinasa sauti chako, kile chenye manyoya kama paka, kitaa chekundu kinawaka. Sikusema neno. Mbele ya maiti watu hawagombani. Nikamimina pole pole mpaka tukamaliza. Nilipokufuata uani ukaniambia, "Dada, sauti kama hii huipati popote." Jeneza hata halijatoka.

Ndiyo, kadi ya kinasa niliitoa mimi kwenye mkoba wako, na niliifuta. Unawaambia watu kwamba humo mlikuwemo pia bahari, na popo wa kwenye mwembe, kazi ya siku nyingi. Bahari ipo. Mwembe upo. Ulitaka nichague cha kufuta? Nivae hedifoni nimsikilize bibi akioshwa? Mama yako alikuwa amezimia chumbani, wajomba wako makaburini. Mkubwa wako pale alikuwa nani?

Nyie wengine mnaosoma mniwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Ukitaka maji yanayoanguka mchangani, chimba shimo uani, mimina kwa kata kutoka kimo cha kitanda. Mtazamaji hatajua tofauti. Utaniambia utajua wewe. Basi jua.

Na usidhani nimesahau. Bibi alikupenda kuliko sisi sote. Ndiye aliyekuwa akizima redio ili urekodi mvua juu ya bati, na sisi tukikatazwa hata kukohoa.

Mbuzi yake ninayo mimi, mama yako alinikabidhi. Usinunue nyingine sokoni, mpya haina mlio ule, miguu yake haijalegea. Njoo Jumamosi baada ya alasiri. Nitakuna mwenyewe, wewe ushike mashine. Nazi ulete tatu, zilizokomaa, na kadi uje nayo tupu.

Dada yako