Salamu za Krismasi kwa Vijana Wetu na Walezi Wao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwa niaba ya kamati ya vijana ya usharika, nawatakia nyote heri ya Krismasi na Mwaka Mpya 2025 wenye afya, amani na baraka tele. Mlioko njiani kwenda Moshi na Bukoba, Mungu awafikishe salama. Tuliobaki Dar es Salaam tuonane kwenye mkesha.

Mwaka huu umetukamua. Tuliuanza na sukari ya shilingi 4,000 kwa kilo, ikaja masika. Ndugu zetu wa Rufiji walipoteza nyumba na mashamba, na huku kwetu waliokaa bondeni walilala vyombo vikiwa juu ya meza. Sare za kwaya tumeahirisha. Wazazi wengine wameniambia wazi kwamba safari hii pilau ni ya kuonja na nguo ni zile za mwaka jana. Njooni nazo hivyo hivyo.

Lakini pigo letu kubwa mnalijua. Mama mlezi tulimzika mvua ikinyesha, na kwaya haikuweza kumaliza wimbo. Baada ya arobaini mumewe aliniletea kaunta buku lake, lile lililobanduka jalada, ambalo sote tulidhani ni la mahudhurio na michango. Kumbe kila mtoto aliyepita kipaimara mikononi mwake ana mstari wake humo. "Huyu usimsimamishe mbele, mpe kwanza kazi ya mikono." "Huongea mkiosha vyombo." "Haonekani Jumapili, nenda kwao mwenyewe, usitume mtu." Nikalikuta na jina langu, la enzi nikiwa sekondari: "Anacheka akiogopa. Msubiri." Siku ile sikuendelea kusoma.

Kijana wetu wa mitambo mnamfahamu, yule anayekaa nyuma ya nguzo, na ibada ikiisha anaviringisha nyaya za maikrofoni kwenye kiwiko. Wengi hatujawahi kuisikia sauti yake. Mama alimwanzishia kusoma neno kwenye jumuiya, sebuleni kwa watu, tena fungu fupi alilompa wiki nzima kabla. Akimaliza hakumsifia mbele ya wenzake, alimuuliza tu atasoma tena lini. Mkesha huu anasoma Isaya 9. Nawaomba akina mama, vigelegele visubiri amalize.

Wapendwa, nabii Samweli alipofika kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya kati ya wanawe, Daudi hakuitwa. Alikuwa machungani na kondoo, na baba yake hakuona tatizo. Musa alilalamika kwamba ni mzito wa kusema, na Mungu, hata alipokasirika, alimpa Haruni wa kusimama naye. Sisi tukiona kijana mkimya tunampa viti apange. Miaka inakwenda, anapanga viti. Kwenye igizo la Krismasi Mariamu ni yule yule binti mwenye maneno, na wakimya ndio kondoo! Siku mkimya akihamia kanisa jingine tunasema vijana wa leo hawana msimamo. Nani aliwahi kumwuliza habari zake?

Wazee wa kanisa, nawasihi: mwaka 2025 kila mmoja wenu awe na kijana wake. Mjue kwa jina lake, si "mtoto wa mama fulani". Mjue anasoma wapi, analala wapi, nani kwao anaumwa. Mpe kazi yenye jina, kisha ukae karibu naye akiifanya. Msimlazimishe ushuhuda. Ukimya si pepo, msiukemee! Yesu alizaliwa horini, na waliopewa habari kwanza ni wachungaji waliokuwa kondeni usiku, watu ambao hakuna kamati ingewaweka kwenye ratiba.

Nawe unayesoma ujumbe huu kimya kimya kama kawaida yako, si lazima ujibu. Jumanne saa kumi jioni nitakuwa kanisani nikibandika mishumaa kwenye makopo. Hakuna hotuba, na soda zipo.

Bwana awabariki na kuwalinda, awape kuuona mwaka mpya kwa furaha na mafanikio. Amina.

Mlezi wenu wa vijana