Kwa wajukuu zangu mnaosoma mapenzi kwa kujificha

Wajukuu zangu, salaam.

Juzi nilimkuta mmoja wenu barazani, simu kaifunika kwa mtandio, anacheka peke yake. Nilipokohoa akaizima haraka. "Hadithi tu, Bibi." Jina simtaji, maana hakufanya kosa. Lakini aibu ile ilinikaa moyoni, nikaona niwaandikie nyote.

Riwaya za mapenzi zinazochekesha si upuuzi. Nimekuwa somo wa maharusi miaka mingi, na mengi tuliyokuwa tukiyanong'ona ndani siku chache kabla ya harusi, waandishi hawa wanayasema mchana kweupe. Ombi langu ni moja: msikimbilie mwisho. Mwisho mnaujua, watapatana. Tazameni katikati, mwanamume anafanya nini pale asipotazamwa na mtu, wala hana cha kupata.

Ndiyo maana naanza na The Flatshare ya Beth O'Leary, iliyotoka 2019. Tiffy ameachana na mchumba wake, hana pa kukaa, na kodi za London hazishikiki. Leon ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kazi yake ya usiku, na anatafuta pesa za wakili wa ndugu yake aliyefungwa kwa kosa asilolitenda. Basi wanachangia nyumba ya chumba kimoja, kitanda kimoja, kwa zamu: huyu usiku, huyu mchana, bila kuonana. Wanaandikiana vikaratasi vya kunata. Vinaanza na mambo madogo ya nyumbani, mwisho vinakuwa mazungumzo ya watu wawili wanaosikilizana. Sura za Leon zina sentensi fupi, zilizokatika, kama mtu anayeyawekea maneno akiba. Mtacheka. Ila mtazameni alivyo na Mzee Prior, mgonjwa wake anayefuma kwa sindano, aliyempenda mtu wakati wa vita kisha wakapotezana. Leon anachukua muda wake mwenyewe kumtafuta mtu huyo. Hakuna anayemlipa, na Tiffy hakumtuma.

Kisha mtazameni yule mchumba wa zamani, Justin. Anakuja na maua na maneno matamu. Polepole Tiffy anang'amua kwamba miaka yote ile alifanywa asiiamini hata kumbukumbu yake mwenyewe. Hapa nilikiweka kitabu chini. Nimewahi kuketi na mabinti walioniambia, "Hajanipiga, Somo," wakanyamaza, nami nikawaambia wavumilie. Sikuwa na jina la kile walichokuwa wakinieleza. Ni unyanyasaji wa kihisia, nanyi mnaujua humu kurasani, katikati ya kicheko, kabla hamjaolewa. Jina hilo lishikeni.

Ayesha at Last ya Uzma Jalaluddin, ya 2018, inatokea Toronto miongoni mwa Waislamu. Khalid anavaa kanzu na kofia, ana ndevu, na bosi wake kazini anamchukia kwa sura hiyo tu. Khalid naye anamhukumu Ayesha, binti atakayempenda, kabla ya kumjua. Ni mara ngapi mmesoma hadithi ya mapenzi ambayo anayependwa amevaa kama mjomba wenu siku ya Ijumaa? Babu yake Ayesha hutaja Shakespeare kila apatapo nafasi, nami nilimpenda kuliko wote. Hakuna mambo ya chumbani, hata walio wadogo wasome.

Yinka, Where Is Your Huzband? ya Lizzie Damilola Blackburn, ya 2022, ilinigusa kwa upande mwingine. Yinka ni binti wa Kinigeria wa London, ana miaka 31, amesoma mpaka Oxford, na mama na mashangazi wanamwombea mume hadharani. Anaanza kujibadilisha, mpaka nywele, ili apendwe. Mimi nami nimewauliza baadhi yenu "lini tunakula pilau?" mbele za watu. Nisameheni, sitauliza tena.

Kwa wakubwa, The Kiss Quotient ya Helen Hoang inamhusu Stella, mtaalamu wa hesabu za uchumi mwenye usonji, hali ya kuzaliwa inayomfanya aone ugumu kuelewana na watu. Ya chumbani humo yameelezwa wazi, kwa hiyo aliye chini ya miaka 18 akiache kwanza. Na Beach Read ya Emily Henry wekeni kwa siku yenye huzuni: binti amefiwa na baba, akagundua siri ya baba huyo, na bado kuna kicheko baina yake na jirani, mwandishi mwenzake.

Nakala yangu ya The Flatshare imo kabatini, rafu ya juu. Kurasa za Justin nimezikunja pembe. Anayeitaka aje aichukue, aisome hapahapa barazani, na simu asiifunike.

Bibi yenu