Mzee hataki chuma

Tanga, Jumapili usiku

Hamisi ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Huku wazima, isipokuwa Mzee. Ndiyo maana hata hasira zangu za kunyamaziwa tangu Idi nimeziweka kando kwanza.

Ile video uliyomtumia imeniponza. Wamempiga picha ya moyo, mshipa mmoja umeziba, daktari anataka kumwekea stenti ya chuma, kile kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Mzee kagoma. "Hamisi kasema ziko za kuyeyuka." Kutwa yuko barazani na simu, kila apitaye anaonyeshwa. Hata muuza kahawa siku hizi bingwa wa moyo.

Nimekesha siku mbili nikisoma, mpaka Zuhura akaniuliza kama nimejiunga na udaktari. Ile ya video, Esprit, Marekani waliiruhusu 2024 kwa mishipa ya mguu, chini ya goti. Mguu, Hamisi! Ya moyo ilikuwapo, Absorb: ikaruhusiwa huko 2016, mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni. Vijiti vyake vilikuwa vinene, karibu mara mbili ya vile vya stenti mpya za chuma, na damu ikawa inaganda humo zaidi. Halafu haiyeyuki kama sukari kwenye chai, anavyodhani Mzee. Ni plastiki ya asidi ya laktiki, inachukua kama miaka 3 kwisha. Wazo lenyewe nalipenda, sikatai: kitu kiushikilie mshipa hadi upone, kisha kijiondokee bila kuaga. Lakini baba yangu hana miaka ya kungoja wao waiboreshe.

Basi jana nikamweleza yote. Akachukua tende, akaitafuna taratibu, kokwa akaiweka kwenye kisosi. "Wewe unasoma. Hamisi anaishi huko."

Nilichoka. Dawa nanunua mimi, kliniki nampeleka mimi, anayesikilizwa ni mbeba maboksi wa Chicago!

Kwa hiyo mpigie. Mwambie chuma hicho ndicho kinachowekwa moyoni hata huko kwenu. Mwambie pia vidonge vya kuzuia damu kuganda haachi hata akijisikia mzima, maana namjua. Na video basi, tafadhali.

Utampigia lini? Baada ya Isha huwa macho, huko itakuwa mchana, utakuwa kazini? Ukimwita Babu kama zamani si atalainika? Na wewe presha umepima, au unasambaza video tu? Mama Rukia kapata viza?

Wako,
Athumani